Alama ya Themanini: Maisha ya Manase Eliudi, Fundi Mitambo

Waombolezaji wenzetu, kwa niaba ya familia ya mzee Eliudi, na kwa ombi la mjane, shemeji yetu Lea, aliyesisitiza lisipunguzwe hata neno moja, tunawasomea maisha ya ndugu yetu Manase.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956 kijijini Mkuzi, Muheza, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka 1971, baadaye akajifunza ufundi simu Dar es Salaam, na mwaka 1977 akaajiriwa na shirika la simu mjini Tanga, ambako katika miaka ile ya foleni za sabuni na sukari alifufua simu kwa nyaya za kuokoteza, akawa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyeona chombo kinachoka akanyamaza. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Lea, wakajaliwa watoto watatu.

Mageuzi ya mashirika ya umma yalipokuja alipunguzwa kazi, Juni 1997, na mwaka uliofuata kampuni ya Ndugu Hatim, pale Usagara, ikamchukua kutunza mitambo ya intaneti, ikiwamo ruta ya Muheza, mashine ya kuelekeza mawasiliano ya kompyuta, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa ikijaa polepole hadi inazimika bila kuaga. Marehemu aliitegea: kumbukumbu ikifika asilimia themanini, mtambo wenyewe unapiga simu nyumbani kwake, mlio mmoja, na ikishapunguziwa mzigo, milio miwili. Nyumba nzima ilijifunza kunyamaza na kuhesabu, wageni wakatuona tuna wazimu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2000, na Februari 2001 daktari akamwamuru apumzike wiki sita, lakini wateja walikuwa wameongezeka, simu ikalia hadi mara kumi na tano kwa siku, naye kila ikilia anavaa viatu aende Usagara kuipunguzia mzigo kwa kompyuta ya ofisini. Lea, akimwona anakwisha, alimwendea Asheri, fundi mwenzake, akamsihi aipandishe alama ya kupiga simu kutoka themanini hadi tisini na tano, na tarehe 6 Machi ikapandishwa, kwa siri, Asheri mwenyewe akiipunguzia mzigo kabla haijafika huko. Siku mbili Manase alilala vizuri. Siku ya tatu akaanza kuinua simu kusikiliza kama laini ingali hai, ya tano akaacha kula, akisema mashine haijawahi kumnyamazia hivyo, na Lea akashindwa kufungua kinywa.

Jumanne tarehe 13, Lea akiwa sokoni, Manase alipanda basi la Muheza. Saa tisa na dakika arobaini alasiri simu ililia mara moja, na Lea, aliyekwisha kurudi na kukuta nyumba tupu, akaelewa kwamba mumewe amefika, ameiona alama, ameirudisha themanini. Alisimama kando ya simu akingoja milio miwili. Alikuwa bado amesimama pale Asheri alipobisha hodi jioni, kuleta habari kwamba marehemu amekutwa ameegemea kabati la mitambo, amekwisha kukata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, Ndugu Hatim na wafanyakazi wote, na Asheri, ambaye Lea anasema mbele yenu asilaumiwe, kwani alifanya alichoombwa na mke aliyetaka mumewe alale.

Manase, lala sasa, upumzike kwa amani.