Mwalimu Umejuaje na Haragwe la Kabatini

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Shangazi zake walisema alichelewa kutembea, lakini kubisha hakuchelewa.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu chuo cha ualimu. Alipangiwa sayansi darasa la tano, akadumu hapo hadi alipolazwa hospitalini. Watoto walimpa jina la Mwalimu Umejuaje, kwa kuwa ndilo swali lililomngoja kila aliyefungua kinywa darasani kwake. Hakutaka wanakili ubaoni tu. Aliwapa miradi, wakapanda, wakapima, wakabishana, na anayedai jambo alipaswa kuonyesha alichokiona.

Si wote waliopendezwa. Baba mmoja alikuja ofisini kulalamika: "Mwalimu, namwambia mwanangu akalale, ananidai ushahidi kwamba amechoka." Mwalimu mkuu naye alichoshwa na kelele. Akasema atahudhuria kipindi kimoja, na asiporidhika, miradi ifungwe.

Siku hiyo mama aliandika ubaoni kwamba mbegu haioti bila mwanga. Binti mpole wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, hapo umekosea."

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini.

"Umejuaje?"

"Haragwe langu nililiweka kabatini. Limeota."

"Kabati lenyewe lina tundu," mwenzake akadakia.

"Haragwe nililifunika kwa kopo. Njoo uone, usibishe tu."

Wakafungua. Lilikuwa limeota, jeupe, refu. Mama akafuta sentensi yake mbele ya mkubwa wake, akasema, "Nilikariri, sikuwahi kujaribu." Alitusimulia kwamba alijua amejimaliza. Kesho yake mwalimu mkuu alimwita. "Endelea," alisema. "Ila mfunge mlango."

Mwaka 1990 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza madawati ya shule. Baba hukiri kwamba alijiandaa wiki nzima kabla ya kumwambia anampenda, maana alijua ataulizwa nini.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hakukubali dawa hata moja mpaka daktari alipomchorea figo kwenye karatasi. Maumivu aliyavumilia, alichohofia ni kwamba akiondoka, watoto watarudishwa kunakili. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024, kitinda mimba wake akimsomea kazi za wanafunzi. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Huyu anajitetea vizuri."

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, dada yake mkubwa, na darasa la tano lililo katikati ya mradi wa kuchuja maji. Jana mwalimu aliyeshika nafasi yake alikuja msibani, akatoa pole, kisha akatuuliza kwa aibu makopo ya kuchujia yako wapi, kwani watoto wanayahitaji Jumatatu. Tumeshamfungashia.

Mama apumzike sasa, na amani iwe naye.