Kitufe Kisichojua Ng'ombe

Kijiwe cha kahawa cha Muhidini kipo Buseresere, upande wa pili wa barabara ya Biharamulo ukitazamana na ofisi ya chama cha wachimbaji wadogo. Ijumaa moja ya mwaka 1998 benchi lilijaa mapema kuliko birika. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutolewa kadi mpya, zile zinazochapwa na kompyuta, na kuanzia Jumatatu asiye na kadi asingeshuka kwenye duara la dhahabu, hata kama shimo alilichimba yeye mwenyewe. Nkwabi Ng'wandu alikaa mwisho wa benchi, udongo mwekundu bado umemganda kwenye kucha. Alikuwa ametoka kwenye dirisha la ofisi mikono mitupu.

— Tuambie vizuri, alisema Athanas, fundi redio, ambaye kijiweni anaitwa Waya. Mashine ilifanyaje?

— Mwenyekiti kasimama dirishani. Karani yuko ndani, simwoni, nasikia vidole tu. Jina likaandikwa. Wakabonyeza kitufe cha kuchapa kadi. Mashine ikalia pii! Mara tatu pii. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee, hicho kialama kwenye Ng' yako ndicho kinachogoma. Tukuandike Mwandu uende zako."

— Ukasemaje?

— Nikamwambia Mwandu simjui.

Muhidini alicheka hadi kahawa ikamwagikia kidole.

— Na wewe unakuza mambo, alisema Stanslaus, ambaye kwa kupenda kusimulia redio wamembandika jina la Taarifa. Kialama chenyewe kama kinyesi cha nzi. Hata Mwanza ilikuwa Ng'wanza. Mji mzima umekubali, wewe nani?

— Mji hauna baba, Taarifa. Mimi ninaye.

— Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Chukua kadi!

— Hebu ngoja, alisema Muhidini. Mbachao si ndilo jina lake la zamani? Methali yako inamtetea yeye.

— Methali ni ya kwangu, inamtetea ninayemtaka!

Waya aliweka kikombe chini, akajikuna kidevu kama afanyavyo akifungua redio ya mtu.

— Mimi nawaambia kitaalamu. Ule si ugomvi wa jina, ni upepo. Ng' inatokea puani. Kompyuta haina pua.

— Ina nini?

— Feni. Feni inasukuma upepo nje. Wewe unaingiza Ng', yenyewe inatoa. Lazima ipige kelele.

— Uongo, alisema Taarifa. Jambo hili limepangwa. Si mmesikia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitachanganyikiwa? Ndiyo zinaanza kupunguza watu. Wanaanza na Wasukuma kwa sababu tuko wengi. Elfu mbili ikifika, watabaki wenye majina ya herufi nne.

— Na ng'ombe je? aliuliza Nkwabi.

— Ng'ombe wamefanya nini?

— Kitufe kisichojua ng'ombe kitaishije Usukumani?

Hapo hata Taarifa alicheka. Lakini Nkwabi hakuwa na kicheko. Duara lile alilifungua baba yake kwa sururu, na kwenye daftari la zamani la chama limeandikwa la Ng'wandu. Alijua vijana wanne wanaoitwa Mwandu, mmoja wao anakaa Kagongwa, mwenye maneno mengi. Siku shimo litakapotema dhahabu, kadi ya Mwandu itakuwa ya Mwandu yupi?

Akiwa katika mawazo hayo, binti mwenye ushungi wa kijani alivuka barabara na kadi mkononi.

— Shikamooni. Nkwabi Mwandu ni nani hapa?

Waya alitazama juu. Taarifa, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alitazama viatu vyake. Nkwabi akanywa kahawa.

— Hamumjui? Mwenyekiti ameniambia nimletee kadi yake hapa.

— Hayupo, alisema Nkwabi. Mimi ni Nkwabi Ng'wandu, lakini mimi hujaniulizia.

Binti akakaa ukingoni mwa benchi. Kumbe ndiye karani. Alisema anaitwa Zuwena, na fomu ile ya kwenye kompyuta aliitunga yeye.

— Ndani ya kitufe kuna amri nilizozipanga, baba. Chukua jina, litafute, chapa kadi. Jina nimelifunga kwa alama moja mbele na moja nyuma, kama gunia linavyoshonwa. Bahati mbaya ni alama hiyohiyo iliyomo kwenye jina lako. Kwa hiyo ikifika kwenye Ng', inadhani jina limekwisha.

— Yaani kwako baba yangu ameishia Ng?

— Kwa kitufe, ndiyo.

— Basi kosa la kitufe. Tengeneza kitufe, usinitengeneze mimi.

Zuwena aliigeuzageuza kadi.

— Naweza. Nikiziambia amri zitafute namba badala ya jina, mchana huu huu imekwisha. Mwenyekiti ndiye amekataa. Anasema fomu haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja mkaidi. Mko wangapi wenye Ng'?

Waya alimtazama Taarifa, Taarifa akamtazama Muhidini. Nani angejua? Orodha iko kwenye mashine, na mashine yenyewe ilikuwa imewaandika wote majina mengine.

Nkwabi akasimama, akaenda hadi katikati ya barabara.

— Kina Ng'! Kina Ng' wote wa Buseresere! Njooni na majina yenu!

Watu waligeuka, wakamwona mzee mwenye vumbi, wakaendelea na safari zao. Akaita tena. Mama mmoja aliyekuwa akipima dagaa akaacha kopo juu ya fungu. Mtaa mzima ulimjua kwa jina la ubatizo, Generosa.

— Mimi ni Ng'washi, alisema. Nina duara kule kilimani. Wameniandika Mwashi.

— Na ukapokea?

— Nilipokea jana.

Akaichomoa kadi kwenye fundo la khanga, akavuka barabara kwenda kuirudisha dirishani.