Sista Tena na Vipande Saba vya Chuma

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika chumba cha upasuaji cha masikio, pua na koo, Sista wetu mkuu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye barua za ofisi. Sisi tuliosomea ubingwa chini ya macho yake tunamjua kama Sista Tena, kwa kuwa neno hilo tulilisikia kwake mara nyingi kuliko hata salamu.

Alianza akiwa muuguzi kijana wa kupanga vifaa, akapanda hadi kusimamia chumba kizima, na njiani akageuka mwalimu ambaye chuo hakikumwajiri. Ubingwa wetu huchukua miaka mitano. Daktari huanza kwa kuzuia damu ya pua na kumtoboa koo mgonjwa anayekosa hewa. Kisha hukaa miezi akichonga mfupa wa sikio chini ya darubini, akiukwepa mshipa mwembamba wa fahamu ambao ukikatika, uso wa mtu unapooza upande mmoja. Bado kuna uvimbe wa shingo, saratani ya koo, kliniki, utafiti na mitihani. Kinachotubakiza kazini ni siku mojamoja, kama ile ambayo bibi mmoja aliyekuwa hasikii alifunguliwa bandeji, akageuka na kuuliza ni nani anayeburuta kiti.

Sista aliongeza somo ambalo halikuwa kwenye mtaala. Bomba la chuma la kuchungulia njia ya hewa lina vipande saba. Hakuna daktari aliyeshika zamu kabla ya kuviunganisha ndani ya dakika moja, akiwa amefungwa kitambaa machoni. Ukikosea, "Tena." Ukipatia kwa dakika moja na nusu, "Tena."

Darasa letu lilimshtaki. Tuliandika barua kwamba sisi ni madaktari, si mafundi baiskeli. Mkuu wa idara akaja, akaomba afungwe kitambaa yeye mwenyewe, akahangaika dakika nne nzima, na kipande kimoja kikabingirika hadi chini ya meza. Alipofunguliwa macho alisema, "Barua yenu nimeisoma. Kuanzia kesho na mimi nafanya mazoezi." Kesi ikaishia hapo.

Sababu yake hatukuijua hadi Jumatano moja, saa tano asubuhi, alipoletwa mtoto wa miaka minne.

"Alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu, dada, mara akaanza kupaliwa," mama yake alimwambia Sista mlangoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imeshabadilika rangi. Bingwa wa zamu alikuwa chumba cha pili, amebana mshipa unaovuja damu shingoni mwa mgonjwa, hawezi kuuachia. Aliyekuwepo ni mwenzetu wa mwaka wa tatu, tuliyemwita Mrefu. Mimi nilishika mpira wa kunyonya mate.

Mtoto alipolala kwa dawa, bomba lilikuwa limeshaunganishwa mkononi mwa Mrefu. Akaliingiza, akakiona kifuniko, akakishika kwa koleo. Kikateleza. Oksijeni ikaanza kushuka, na mkono wa Mrefu ukaganda.

"Toa koleo, apewe hewa kwanza," Sista alisema kwa utulivu kama mtu anayeomba chumvi. Tukasubiri namba zipande. "Haya. Tena, mwanangu."

Mara ya pili kifuniko kilitoka. Sista alimfuata mama kule nje akamwambia, "Mwanao anapumua mwenyewe." Mama akakaa pale pale sakafuni.

Mrefu naye tulimkuta amekaa chumba cha kubadilishia nguo. "Naacha, Sista. Kazi hii siiwezi."

Sista akakaa kando yake. Alimweleza kwamba katika mwaka wake wa pili kazini aliletwa mtoto kama yule. Vipande vya bomba vilikuwa kwenye trei, na watu wazima wanne wakavipapasa bila kujua kipi kinaingia wapi. Mtoto yule walimpoteza.

"Daktari wa siku ile alikuwa na akili kuliko wewe," alisema. "Ila mikono yake hakuna aliyeifundisha. Yako leo ilijua. Kama ni kuacha, acha kesho. Leo kuna mgonjwa wa saa nane."

Mrefu akanawa mikono. Hakuacha kesho yake wala siku nyingine. Sasa ni bingwa na anafundisha wenzake, na somo la vipande saba limo rasmi katika mtaala wetu. Mabingwa arobaini na sita wamelifaulu.

Mume wa Sista analalamika kwamba hata jikoni mkewe hunyoosha kiganja bila kugeuka, kama daktari anayeomba kifaa, na ole wake atakayempa kijiko badala ya mwiko. Shemeji, vumilia. Kuanzia Julai atakuwa nyumbani kutwa.

Sista, wagonjwa wako wengi hawakukuona. Waliingizwa wakiwa na hofu, wakalala, na walipoamka ulikuwa umeshahamia kwa mwingine. Kwa niaba yao wote, na kwa niaba yetu uliotukatalia kubahatisha, ahsante. Tunakutakia afya tele, furaha ya wajukuu, na asubuhi ndefu zisizo na simu ya dharura.