Ufunguo wa Pampu ya Mwihoko

Sikilizeni wanangu, na wewe Ngendo acha kunipangia mito, mto haujawahi kumzuia mtu kufa. Nyumba za kupangisha za Mwihoko ni zenu wawili, na shamba la Thika msiliuze kabla nyasi haijaota juu yangu. Hayo yameisha. Kinachoninyima usingizi ni pampu.

Kahiga, wewe ndiwe uliyetoa swichi ya mkono ukaweka ile kadi ya kompyuta, ati maji yapande tangini yenyewe. Yakapanda, sikatai, nilikusifu hata kanisani. Lakini stima ilipopotea, Odongo fundi wetu akaingiza mkono kwenye mkanda wa pampu, stima ikarudi, na kadi ikaamka imewasha kila kitu kabla programu yako haijaiambia neno. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mami, ni biti moja tu ilikaa vibaya, moja mahali pa sifuri." Biti moja ilikula vidole viwili vya mtu. Kisha ukasema Odongo ni mzembe, na tangu hapo mnapishana getini bila salamu. Mkuki kwa nguruwe. Ungekuwa mkono wako, ungeirekebisha siku hiyo hiyo.

Nipe maji. Si hayo, ya moto. Basi acha.

Jumatatu Odongo anakuja kubadilisha mkanda, maana tumbo halijui kununa, na nasikia kadi bado iko vilevile. Nasema nikiwa na akili zangu: amri ya kwanza ya programu iwe kuzima swichi zote za kadi, ndipo isome tangi. Na kwa kuwa kadi huamka kabla ya programu, rudisha swichi kubwa ukutani, ile ya kufungwa kwa kufuli, katikati ya stima na pampu. Ufunguo akae nao Odongo. Si wewe, si Ngendo. Mwenye kuingiza mkono ndiye mwenye ufunguo. Asiyekubali hilo hana nyumba Mwihoko.

Ngendo, lete viganja nivitemee mate ya baraka... kinywa kimekauka. Hivyo hivyo. Uzae, ushibe, usigombane mbele ya wapangaji. Mungu akutazame.

Kahiga, rudisha mikono yako. Wewe nitakubariki ukitoka kwa Odongo. Kwake Mwiki si mbali. Usimpigie simu, nenda, umwambie kosa lilikuwa la kadi yako.

Nenda basi. Nitangoja... nitajaribu.