Mwalimu Rukaiya na Barua za Mstarini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha, yote hapa Chang'ombe, Mwalimu Rukaiya Suleiman anastaafu tarehe 30 Juni 1997. Alianza na Kiswahili kidato cha kwanza, baadaye akaongezewa kazi ya mwalimu wa malezi. Hajawahi kuchelewa kipindi, hata ile masika aliyoingia darasani kandambili mkononi na buibui linachuruzika maji.

Wanafunzi walimwita Redio. Sauti yake ilifika karakana za jirani bila kipaza sauti, na mafundi walijua lini tuna mtihani.

Mwishoni mwa miaka ya themanini magazeti yalijaa safu za marafiki wa kalamu. Wasichana wetu walipeleka majina, umri na sanduku la posta la shule. Barua zikaja kwa furushi, zimepuliziwa manukato na kuchorwa kopa. Desturi ilikuwa mwalimu wa malezi azifungue, na zile za mapenzi azisome mstarini Jumatatu. Redio alizisoma kwa madoido, nasi tukacheka mpaka machozi. Tuliamini kabisa kwamba aibu itawalinda.

Mei 1989 ilisomwa barua ya Demetria wa kidato cha tatu, binti wa Kiwalani, mwenye maswali yasiyokwisha kipindi cha hesabu. Mwandishi alijiita mwanafunzi wa Moshi, akishukuru kwa picha aliyotumiwa. Muhula mzima wenzake walimwita Demetria "shemeji". Akahamishia barua zake kwenye sanduku la mwenye duka mmoja mtaani kwao. Desemba alikwenda kukutana na huyo mwanafunzi, kumbe ni mwanamume wa miaka arobaini mwenye lori. Alirudi na mimba, shule ikamfukuza kama kanuni inavyotaka. Mwaka 1992 tulimzika, wiki tatu baada ya mwanawe, kwa ugonjwa tuliokuwa tukiutaja kwa kunong'ona.

Msibani mama yake alimshika Mwalimu Rukaiya mkono. "Ile barua ya kuitwa huko alikuletea mpaka mlangoni kwako, mwalimu," alimwambia. "Akarudi nayo. Aliogopa utaisoma."

Jumatatu iliyofuata Mwalimu alisimama mstarini akaomba radhi, kwa sauti ambayo wa safu za nyuma hawakuisikia. Tangu siku hiyo hajafungua barua ya mwanafunzi. Alianzisha kipindi cha Alhamisi, wavulana na wasichana pamoja. Aliwafundisha kwamba picha ikishatoka mkononi mwako si yako tena, kwamba anayekutaka umfanye siri ana lake jambo, na kwamba mwenye nia njema haogopi kuonwa na shangazi yako. Wazazi walilalamika anafundisha uhuni. Miezi minne hakuja mwanafunzi hata mmoja na barua. Wa tano akaja msichana, kisha wengine, kisha wavulana nao wakaanza kubisha hodi. Hakuwaokoa wote; mwaka jana tu tumewapoteza wawili, na lilimuuma sana. Siku hizi anawaonya hata juu ya hizi kompyuta za mjini zinazopeleka barua bila stempu. Anasema tapeli amepunguziwa gharama tu.

Mkuu wa shule alipendekeza habari za Demetria zisiingie humu katika risala ya kumuaga. Mwalimu Rukaiya akajibu kwamba basi na sherehe isiwepo.

Kwa hiyo nami niseme lililobaki. Asubuhi ile ya Mei alikuwa ameshairudisha barua ndani ya bahasha. Alisema mtoto huyu ana haya, tumwite ofisini tuzungumze naye. Mimi ndiye niliyemshikilia aisome, kwa sababu nilitaka kucheka. Miaka minane amebeba lawama peke yake, wala hajanitaja jina, si mstarini, si msibani.

Mwalimu, asante kwa watoto wote waliothubutu kubisha hodi kwako. Kapumzike, Mungu akupe afya na usingizi mzuri. Fungu langu la lawama nalichukua mwenyewe kuanzia leo.

Mwl. Kornelio Nandonde
Hesabu