Bwana Buti na Chaki ya Samawati

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu aliyeketi ndani ya magari ambayo hayajatengenezwa. Mmenisikia vizuri. Hayajatengenezwa, na yeye alishaketi ndani, miguu ameinyoosha, anawaambia wenzake wasogeze mizigo kidogo.

Jina ambalo wengi wetu tulimjua kwalo ni Bwana Buti. Alikuwa fundi wa viti vya magari. Alishona viti kwa miaka arobaini na minane, katika karakana ileile, kwa cherehani ileile nyeusi yenye gurudumu la mkono lililong'aa kwa kushikwa. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Fundi wa viti, miaka sabini na mmoja, mtu mfupi mwenye kicheko kirefu.

Na alipenda stesheni. Namaanisha stesheni wagoni, wasikilizaji, lile gari refu la familia ambalo paa lake linakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, na buti, yaani sehemu ya mizigo, iko humohumo ndani. Magari mengine hakuyachukia. Aliyaonea huruma tu.

Ilianza utotoni. Mjomba wake alifika nyumbani siku moja na stesheni ya kazini, watoto sita wakaingia nyuma, na bado mbuzi wa jirani akapata nafasi. Bwana Buti alisimulia kisa hicho maisha yake yote, na kila mwaka watoto waliongezeka. Mara ya mwisho niliposikia walikuwa kumi na mmoja. Mbuzi alibaki mmoja.

Mkewe aliniambia hivi, huku akicheka na machozi yakimtoka: "Alipokuja kwetu kujitambulisha, baba aliniita pembeni. Akaniuliza, huyu mchumba wako mbona anatazama gari langu kuliko anavyokutazama wewe? Nikamwambia, baba, hilo gari lako lina buti kubwa. Baba akasema basi, mchukue, angalau ana macho."

Sasa niwaeleze kuhusu Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi, saa mbili, karakana ya Bwana Buti iligeuka bunge. Walikuja watu watano, sita, wakakaa juu ya sponji za viti. Alikuwepo Mama Tairi, mwenye duka la matairi mkabala, mama asiyemung'unya maneno. Na alikuwepo Mzee Dizeli, fundi wa injini wa karakana ya jirani, mrefu, mkavu, mwenye ovaroli iliyokwisha kusahau rangi yake. Bwana Buti na Mzee Dizeli walikuwa marafiki kwa miaka thelathini. Walibishana kwa miaka hiyohiyo thelathini.

Walibishana nini? Stesheni zijazo. Mwaka ujao kampuni gani inaleta nini, injini ya petroli au dizeli au haibridi, ile inayosaidiwa na umeme, silinda tatu au nne. Kampuni zilizopendwa pale zilikuwa mbili, nazo ni mahasimu. Redioni hapa hatutangazi biashara ya mtu, kwa hiyo nitaziita kama wao walivyoziita. Picha za kampuni moja zilibandikwa ukuta wa kulia, za nyingine ukuta wa kushoto. Basi zikaitwa Kulia na Kushoto. Bwana Buti alikuwa Kulia. Mzee Dizeli alikuwa Kushoto, na mpaka leo anaendesha stesheni ya Kushoto yenye miaka ishirini na sita.

"Injini ya silinda tatu?" Mzee Dizeli alikuwa akisema. "Hiyo ni cherehani. Mpe huyu aishonee viti."

"Na dizeli yako," Bwana Buti anamjibu, "ukiiwasha asubuhi, mtaa mzima unajua unakwenda kununua sukari."

Lakini maneno matupu hayakumtosha Bwana Buti. Yeye alikuwa na kipimo. Stesheni mpya ikitangazwa, kabla haijafika popote, alichukua vipimo vilivyotolewa na kampuni, akapiga magoti, akalichora buti lake sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Alitumia chaki yake ya kukatia vitambaa, ile bapa, ya samawati. Kisha wenzake wanapakia. Bunda la sponji ndani. Giaboksi ya Mzee Dizeli ndani. Mwisho kabisa anaketi mtu, anyooshe miguu. Visigino visipovuka mstari, Bwana Buti anapiga makofi mara moja na kusema, "Limekaa!" Neno moja tu. Limekaa. Hapo gari limepita, hata kama kiwandani bado hawajakata bati.

Mwaka jana Kushoto walitangaza stesheni mpya. Mzee Dizeli alikuwa ameingoja kwa miaka tisa. Alikuja Jumamosi ile amenyoa ndevu, na Mama Tairi anasema hajawahi kumwona amenyoa ndevu kwa ajili ya binadamu.

Lakini Kushoto hawakutoa urefu wa buti. Walitoa upana, walitoa vimo, na walitoa lita: lita mia sita. Basi Bwana Buti akapiga hesabu. Akachukua lita, akagawa kwa upana, akagawa kwa kimo mpaka darini, akapata urefu. Sentimita sitini na nane. Akachora. Sentimita sitini na nane, wasikilizaji, hata kabati la vyombo linazidi. Mzee Dizeli akaingia kuketi, magoti yakamgusa kidevu. Watu wakavunjika mbavu. Bwana Buti akaongeza chumvi, akasema Kushoto wametengeneza gari la kubebea kofia.

"Hesabu yako ina kasoro," alisema Mzee Dizeli. "Hawawezi kulifupisha namna hiyo."

"Chaki haina upande," alijibu Bwana Buti.

Mzee Dizeli akatoka. Akarudi na ndoo ya maji ya sabuni, akaimwaga juu ya mchoro, akaondoka zake. Hakukanyaga tena pale. Miezi saba. Karakana mbili zinapakana ukuta, na wenyewe hawasalimiani. Mama Tairi alijaribu kuwapatanisha, kila mmoja akamwambia aanze na yule mwingine. Ilimuuma Bwana Buti, na wala hakuficha kwa mkewe. Lakini alikuwa ameshikilia hesabu yake, na hesabu yake aliiamini.

Katika mwezi wa sita wa kununiana huko, daktari akamwambia moyo wake umechoka. Si moyo wa huzuni, wasikilizaji, moyo wenyewe, wa nyama. Akaambiwa akae nyumbani, asiiname, asinyanyue kitu. Akaambiwa pia, kwa upole, kwamba muda si mrefu. Mkewe anasema aliuliza jambo moja tu: "Na Dizeli nimwache hivihivi?"

Nyumbani alichoka kukaa kitandani. Miwani alikuwa ameikalia ikavunjika, basi mkewe akawa anamsomea. Amsomee nini? Karatasi za magari. Alasiri moja mama wa watu, kwa kutaka tu mumewe apate usingizi, akaisoma karatasi ya Kushoto yote, mpaka maandishi madogo ya chini kabisa ambayo mumewe hakuwahi kuyasoma.

"Lita mia sita," alisoma, "mpaka usawa wa dirisha."

"Rudia."

"Mpaka usawa wa dirisha."

Bwana Buti akaketi kitako. "Mama watoto! Mimi niligawa kwa kimo cha mpaka darini! Mtungi umepimwa mpaka shingoni, mimi nikasema ni mpaka mdomoni!"

Mmeelewa, wasikilizaji? Lita zile ziliishia dirishani. Yeye akazitandaza mpaka darini. Buti likawa fupi kwenye chaki, si kwenye gari. Alipiga hesabu upya palepale, kwa kimo cha dirisha alichosomewa na mkewe, nyuma ya bahasha ya dawa. Sentimita mia moja na tisa. Ile stesheni ya Kulia aliyoishabikia yeye, nayo ilikuwa na mia moja kamili. Kushoto ilikuwa imeipita.

"Mpigie simu umwambie," mkewe akamshauri.

"Simu haina sakafu," akajibu.

Jumamosi asubuhi akavaa shati la kutokea, akatia chaki na futi mfukoni, wakaenda yeye na mkewe, polepole, wakipumzika kila baada ya nyumba mbili. Mkewe alimkumbusha kwamba amekatazwa kuinama. Akasema hatainama, atapiga magoti. Hawakwenda karakana yake. Walikwenda ya Mzee Dizeli, ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa, wakasimama kwenye uwanja wa saruji mbele ya mlango. Mkewe akashika ncha ya futi. Yeye akachora.

Mzee Dizeli alipofika na funguo zake mkononi, alikuta buti kubwa la samawati limechorwa mlangoni pake, na ndani yake ameketi mtu mfupi, mgongo umenyooka, miguu ameinyoosha, visigino havijafika mstarini.

"Nani kanichafulia uwanja?" akauliza, ingawa alimwona vizuri.

"Mimi. Nilikosea, Dizeli. Lita zao zinaishia dirishani. Mia moja na tisa. Mmetupita sentimita tisa."

Mzee Dizeli alisogea karibu. Aliomba futi. Akapima urefu, akapima upana, akapima tena urefu. Kisha akaketi chini, palepale kwenye saruji, nje ya mstari.

"Kwa hiyo hukuwa umesoma yale maandishi ya chini," akasema.

"Sikuwa nimesoma. Na nikakucheka mbele za watu. Nimekukosa miezi saba, ndugu yangu, na nimejitakia mwenyewe."

"Na ulisikia habari za injini?"

Bwana Buti alikuwa amesikia. Mtaa mzima ulikuwa umesikia. Miezi mitatu baada ya ugomvi wao, Kushoto walitangaza kwamba stesheni yao mpya haitakuwa na dizeli kabisa. Itakuja na petroli yenye haibridi, basi. Baada ya miaka tisa ya kungoja.

"Nilisikia," akasema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

"Niliisoma peke yangu," alisema Mzee Dizeli. "Nikalia peke yangu. Hata wa kunicheka sikuwa naye!"

Mama Tairi alikuwa anafungua duka. Anasema aliwasikia wazee wawili wanacheka mpaka akadhani mmoja amepaliwa. Akavuka barabara kuja kuona. Akawakuta wote wawili wameshakaa ndani ya buti, miguu ya Mzee Dizeli imetoka nje mpaka vifundoni, wanabishana kama haibridi ina haki ya kuitwa injini.

Baada ya siku ile walipata Jumamosi tatu. Tatu tu, wasikilizaji, lakini mkewe anasema mumewe alikula, alilala, na alirudia mizaha yake. Jumamosi ya nne haikufika. Alituaga Alhamisi asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akimweleza mkewe kwamba milango ya nyuma ya siku hizi inafunguka yenyewe ukiipungia mguu, na kwamba huo ni uvivu.

Siku ya mazishi ndugu walizungumzia kukodi gari kubwa. Mzee Dizeli akasema, "Mnataka apande gari la wageni? Asilani." Akaleta stesheni yake, ile ya miaka ishirini na sita, ya Kushoto, ameiosha mpaka matairi. Akaomba chaki ya samawati. Mbele ya watu wote akapiga magoti, akachora jeneza sakafuni kwa vipimo vyake, kisha akaenda kupima ndani ya gari. Akasema vimebaki vidole vitatu.

Wakavilaza viti vya nyuma. Viti vile, wasikilizaji, alivishona Bwana Buti mwenyewe, miaka kumi na minne iliyopita, akilalamika kila mshono kwamba anampamba adui. Wakamwingiza taratibu. Mlango wa nyuma ukafungwa kwa msukumo mmoja. Kisha watu wakanyamaza, kwa sababu kila mtu wa Jumamosi alijua kuna neno linalosemwa hapo, na msemaji wake hakuwepo.

Mzee Dizeli akapiga makofi mara moja.

"Umekaa, ndugu yangu," akasema. "Umekaa."

Kisha akawasha injini, na mtaa mzima ukaisikia dizeli ile ikiondoka naye.

Kwa niaba ya kituo hiki, natoa pole kwa mjane wa marehemu, kwa watoto na wajukuu, kwa Mama Tairi na watu wote wa Jumamosi, na kwako wewe, Mzee Dizeli, najua unatusikiliza hapo karakanani. Mungu awape subira. Naambiwa bunge linaendelea, na aliyeachiwa chaki ni mjane mwenyewe, kwa kuwa ndiye pekee anayesoma maandishi madogo.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tukae na jambo hili kwa dakika moja. Huenda kuna mtu uliyempigia hesabu zamani, ukamcheka, ukaendelea na safari yako. Huenda ulikuwa sahihi. Hata hivyo pima upya, na ukikuta umekosea, usipige simu. Nenda mlangoni kwake.