Mimi Situpi Mtu: Wasifu wa Mzee Usipepese, Mpigapicha (1948–2022)

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliowahi kukaa mbele ya kamera ya marehemu, ambao tukihesabu vizuri ni karibu kila aliyesimama hapa leo: wasifu huu umeandikwa na binti yake mkubwa. Unasomwa na mdogo wa binti huyo, wa kiume, kwa sababu mwandishi mwenyewe alisema hataweza kufika nao mwisho.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali katika kiwanda hicho, na mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Inasimuliwa kwamba tangu akiwa mgongoni alikuwa na tabia ya kukodolea watu macho bila kulia wala kucheka, hadi shangazi mmoja akasema, “Mwondoeni huyu, ananihesabu meno.”

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1963. Hesabu zilimpiga chenga, mwandiko ukamwokoa. Mwaka huo wa mwisho shule ilimwita mpigapicha apige picha ya darasa. Wanafunzi arobaini walisimama wima. Marehemu, ambaye alikuwa wa arobaini na moja, aligeuka kumtazama nzi. Picha ilipokuja ilikuwa na vichwa arobaini na kiwingu kimoja, na mwalimu mkuu akamtandika viboko kwa kuharibu kumbukumbu ya shule. Jioni hiyohiyo, makalio yakiwa bado ya moto, alimfuata mpigapicha hadi kwake kumuuliza kichwa chake kimekwenda wapi.

“Kimo humohumo,” mzee yule akamwambia, “ila kilitembea. Njoo nikuonyeshe.”

Alikaa kwa mzee huyo miaka minne akijifunza kazi. Mwaka 1968 alijitegemea, akiwa na kamera ya sanduku la mbao, kiti kimoja na shuka jeusi, nje ya geti la ofisi ya vitambulisho. Hapo ndipo alipopata jina. Kabla ya kubonyeza alikuwa akipaza sauti, “Usipepese!” na watu waliokuwa wakipita njia, ambao hata hawapigwi picha, walikuwa wakikaza macho. Jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti. Hata barua za serikali zilimfikia kwa Mzee Usipepese.

Tarehe 2 Septemba 1974 alifungua studio yake, chumba kimoja kati ya kinyozi na fundi redio. Mlikijua chumba kile. Palikuwa na kioo, chanuo lililofungwa kwa kamba lisije likasafiri, na koti moja la kijivu la kuazima. Koti hilo lilipasuliwa mgongoni kutoka kola hadi chini ili limwenee mnene na mwembamba. Wanaume wengi wa mji huu wamelivaa kwenye vitambulisho vyao. Siku moja askari aliyekuwa akikagua vitambulisho barabarani alimuuliza mtu wa tatu mfululizo, “Kwani nyinyi ni ukoo mmoja?”

Lakini kazi yake hasa haikuwa koti. Kazi yake ilikuwa kutunza. Wapigapicha wengine walikupa picha yako na mkaagana. Yeye alibaki na negativu yako, ile filamu ambayo picha husafishwa kutokana nayo, akaifunga kwenye karatasi, akaipa namba, akaiweka kwenye kopo la biskuti. Namba hiyo aliigonga muhuri nyuma ya picha na kuiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Majina hakuandika, alisema majina hufanana. Aliandika: “muuza mkaa na mkewe, wamesimama.” “Mwenye mguu mmoja, pasipoti.” “Bibi aliyekataa kuvua miwani.” Picha yako ikilowa, ikiliwa na mende, ikichanwa na mume mwenye hasira, ulikuwa ukirudi hata baada ya miaka ishirini ukiwa na tarehe tu, na unatoka na picha mpya. Ukimshukuru alikuwa akijibu kwa maneno yaleyale: “Mimi situpi mtu.” Mtu akifariki, wafiwa walipita kwake kabla ya kupita kwa seremala. Alipofunga studio alikuwa na makopo mia mbili na kumi na mawili.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, na karani wa posta. Bibi harusi alikuwa mteja. Aliitwa studio mara tatu kurudia picha moja ya pasipoti, kisa amepepesa. Mara ya tatu mama yake alimsindikiza, akasimama mlangoni mikono kiunoni na kuuliza, “Baba, mashine yako mbovu au wewe ndiye mbovu?” Marehemu alikiri baadaye, akiwa tayari na watoto wawili, kwamba picha ya kwanza ilitoka safi kabisa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mkewe alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Mei 2009, na picha iliyowekwa kwenye ratiba ya mazishi yake ilikuwa ile ya kwanza.

Aprili 2003 mvua kubwa ilitoboa paa la studio, na makopo sita yakajaa maji. Marehemu alianika filamu zile kwenye kamba kama nguo, akazitazama zilivyojaa madoa, akasema hizi basi tena, akazitupia kwenye tenga la wazi juu ya kabati. Kisha akaapa kwamba maji hayatamgusa mtu wake mwingine. Alimwita binti yake mkubwa. Kwa wiki tatu wawili hao walifunga makopo yote yaliyobaki: kwanza mfuniko, halafu selotepu mizunguko miwili, halafu mfuko wa nailoni, halafu selotepu tena. “Kaza,” alikuwa akimwambia. “Hata hewa isipite.” Na binti akakaza. Alikuwa hodari wa kukaza, na baba yake alimsifu mbele ya watu.

Zikaja kamera zisizotumia filamu, zikaja simu, na mlango wa studio ukaanza kufunguliwa na upepo tu. Aliufunga rasmi mwaka 2011. Kufikia hapo alikuwa tayari na presha ya macho, na mwaka 2014 nuru ilizima kabisa. Hakulalamika. “Heri kufa macho kuliko kufa moyo,” alikuwa akituambia, na kweli moyo wake ulikuwa hai, maana makopo yalikuwa yamepangwa chumbani kwake hadi darini, na kila asubuhi aliyapapasa kabla ya kuomba chai. Sisi wanawe tulidhani anayahesabu. Alikuwa akiwasalimia watu.

Jumatatu, tarehe 17 Juni 2019, alikuja mshona nguo wa mtaa wa pili. Wengi mnamfahamu. Nyumba yake ilikuwa imeungua mwezi uliotangulia, na ndani yake iliungua picha ya mwanawe wa pekee, aliyefariki mwaka 1991 akiwa na miaka minane. Ilikuwa picha moja tu, aliyopigwa siku ya kuanza shule. Mama huyo hakuwa na picha nyingine ya mtoto wake popote duniani.

“Kaka,” akasema, “nimeanza kumsahau pua.”

Marehemu alisimama kama kijana. Daftari likaletwa, binti yake akasoma: namba 14,882, “mtoto wa mshonaji, sare mpya,” kopo la tisini na saba. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumhitaji, na furaha ilimjaa mpaka ikawa aibu. “Rudi Ijumaa, dada yangu,” akamwambia. “Utamkuta anakusubiri.”

Binti alikata selotepu mbele yake. Mfuniko ulipotoka, harufu ya siki ilijaa chumba, kali, ya kuchoma macho. Binti hakuelewa, akadhani ni biskuti za zamani. Marehemu alielewa kabla hajagusa. Alinyoosha mkono, akashika filamu zilizojikunja kama maganda ya kitunguu, na alipojaribu kuikunjua moja, ngozi ya picha ilibanduka na kubaki unga kidoleni.

“Fungua lingine,” akasema.

Walifungua kumi na moja siku hiyo, na yote yaliyobaki siku tatu zilizofuata. Siki, siki, siki. Kitu pekee kilichobaki kinasomeka kilikuwa ndani ya tenga la wazi, zile filamu za makopo sita zilizonyeshewa na mvua, zile alizozitupa. Tulimtafuta mtaalamu wa kutunza kumbukumbu, akaja Alhamisi. Tulimkonyeza aseme ni joto, aseme ni mvua, aseme lolote. Lakini wataalamu hawajui kukonyezwa.

“Mzee, filamu hizi zikizeeka hutoa mvuke,” akasema. “Mvuke ukikosa pa kutokea, unazila zenyewe. Zilihitaji hewa tu.”

“Basi ni mimi,” marehemu akasema.

“Ni mimi niliyekaza, baba,” binti yake akasema.

“Nani alikwambia ukaze?”

Binti akaanza kuokota selotepu zilizokatwa. Hadi leo hajajibu.

Ijumaa mshona nguo alifika amejitanda kanga mpya. Marehemu hakumzungusha.

“Dada, ile picha haipo.”

“Haipo leo, au haipo kabisa?”

“Haipo kabisa. Nimeiharibu kwa mkono wangu.”

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama yule hakupiga kelele. Alikaa kitako sakafuni, kisha akasema, “Basi niambie tu alivyokuwa, kaka. Wewe ulimtazama kwa karibu. Niambie, nitatosheka.”

Sisi tuliokuwepo tulitamani adanganye. Mtu yeyote angedanganya: angesema macho makubwa, angesema tabasamu, na mama wa watu angekwenda zake na kitu mkononi. Marehemu aligeuza uso dirishani asikokuona.

“Kola ilikuwa imekaa upande,” akasema mwishowe. “Nikainyoosha. Mwanga ulikuwa unatoka kushoto, mzuri. Uso… uso sikuuona, dada yangu. Nilikuwa natazama mwanga.”

Mshona nguo aliinuka, akamshika bega, akaenda zake. Hakurudi.

Tangu siku hiyo marehemu hakutaja tena ule msemo wa macho na moyo. Alianza kuugua figo Novemba 2020, akapata kiharusi tarehe 5 Agosti 2022, na akalazwa wiki tisa. Wodini aliomba kitu kimoja tu, asomewe daftari. Binti yake alimsomea kila alasiri: muuza mkaa na mkewe, mwenye mguu mmoja, mapacha waliogoma kucheka. Kila mstari ulipoisha marehemu alisema, “Pole.” Si kwa binti. Binti alimwambia, “Baba, picha zenyewe watu wanazo majumbani.” Akajibu kwa ulimi mzito, “Zinapauka.” Walifika namba 9,316. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2022, saa tatu asubuhi. Tungependa kuwaambia kwamba aliondoka na amani, lakini tumeshasema mengi ya kweli hapa na hatutaki kuharibu mwishoni.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mdogo mmoja, na wakwe wawili waliomwogesha na kumlisha bila kuchoka. Ameacha pia mshona nguo, ambaye si wa damu yetu, lakini jana alikuja bila kuitwa, akaingia jikoni na kuosha vyombo hadi vikaisha. Yumo katika orodha hii kwa haki yake.

Familia haiombi rambirambi. Ina ombi moja. Leo mkirudi nyumbani, tazameni ukutani. Penye picha yenye namba nyuma, iondoeni kwenye jua. Ya mtoto wako, ya mama yako, ya wewe mwenyewe ukiwa na koti la kijivu, iondoe. Ikiharibika hiyo, hatuna tena mahali pa kuitoa.

Mungu ampe mapumziko ambayo sisi hatukuweza kumpa.